Mifumo Tofauti, Maana Moja: Jinsi Data za Wagonjwa Zinavyounganishwa kwa Ajili ya Utafiti

Mgonjwa wa kisukari anafika kliniki asubuhi kabla ya kula chochote. Anapimwa sukari, na mhudumu anaandika katika mfumo wa kompyuta: 7.0. Kipimo hicho ni milimoli kwa lita. Baadaye taarifa zake zinaunganishwa na za hospitali nyingine inayopima kwa miligramu kwa desilita, na kizio hakikuandikwa. Mtafiti anayesoma 7.0 kwa kizio cha pili ataona sukari ya chini kiasi cha kuhatarisha uhai, ilhali thamani sahihi kwa kizio hicho ni 126, kiwango kinachoashiria kisukari. Namba haikubadilika hata kidogo; kilichopotea ni maana yake.

Mfano huu unaonyesha kiini cha tatizo la kushirikisha data. Kuunganisha kompyuta mbili ni kazi ya mafundi. Kuhakikisha kwamba kilichoandikwa upande mmja kinaeleweka vilevile upande wa pili ni kazi inayoanza kwa yule anayeandika.

Kwa nini mifumo inatofautiana

Kila mfumo hujengwa kujibu swali fulani. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na kutumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, hutumika zaidi kukusanya jumla: kituo fulani kimeona wagonjwa wangapi wa malaria mwezi huu? OpenMRS, ulioanza kujengwa mwaka 2004 na wenye mizizi katika huduma za VVU mjini Eldoret, Kenya, humfuata mgonjwa mmoja mmoja: amehudhuria lini, amepimwa nini, amepewa dawa gani? Modeli ya OMOP, iliyoanzia Marekani, iliundwa kwa ajili ya utafiti. Hupanga taarifa za kila mtu katika majedwali yenye misimbo ya aina moja, ili swali moja liweze kuulizwa katika hospitali nyingi.

Tofauti hizi si kasoro. Hata hivyo, zina matokeo. Kutokana na kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, jumla ya mwezi inaweza kupatikana. Kutokana na jumla ya mwezi, mgonjwa mmoja hawezi kurejeshwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti si jinsi ya kuhamisha data, bali iwapo data hizo zinabeba maana anayoitafuta.

Ngazi mbili za makubaliano

Ngazi ya kwanza ni ya umbo. Mifumo hukubaliana jinsi ya kupanga ujumbe: jina liko wapi, tarehe iko wapi, kipimo kiko wapi. Kiwango cha FHIR kinatumika kwa kazi hiyo.

Ngazi ya pili ni ya misimbo. Badala ya kila maabara kukiita kipimo kwa jina lake, hutumika msimbo mmoja. LOINC hutambulisha vipimo, na Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ICD, hutambulisha magonjwa. Hapa pia tahadhari inahitajika: kisukari cha aina ya pili ni E11 katika toleo la 10 la uainishaji huo, na ni 5A11 katika toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022. Anayeunganisha data za matoleo mawili bila jedwali la ulinganisho atahesabu ugonjwa mmoja kana kwamba ni miwili. Desturi njema ni kuweka msimbo mpya na kuuhifadhi ule wa awali kando yake, ili kosa likigundulika liweze kusahihishwa.

Mahali maana inapopotea

Hata umbo na misimbo vikikubaliana, kuna mambo manne yanayohitaji uangalifu wa kila siku.

1. Kizio cha kipimo. Namba isiyo na kizio haijakamilika, kama mfano wa sukari ulivyoonyesha.

2. Saa na tarehe. Mgonjwa akisema alikula saa 2 asubuhi, kwa saa za Kiswahili ni 08:00. Mhudumu akiingiza 02:00, mgonjwa ataonekana amefunga kwa muda mrefu kuliko ukweli, na kipimo chake kitatafsiriwa vibaya. Vivyo hivyo, 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa Afrika Mashariki, lakini ni Machi 4 kwa mfumo wa Kimarekani. Mpangilio wa 2024-04-03, unaoanza na mwaka, huondoa utata.

3. Nafasi tupu. Kutopimwa si sawa na kupimwa na kutokutwa na ugonjwa. Sifuri ni jibu. Nafasi tupu ni ukosefu wa jibu. Zikichanganywa, ugonjwa huonekana umepungua mahali ambapo kilichopungua ni vipimo.

4. Utambulisho wa mgonjwa. Mtu aliyeandikishwa kwa majina matatu kituo kimoja na kwa mawili kituo kingine huweza kuhesabiwa kuwa watu wawili. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza VVU akihamia kituo kingine bila barua ya uhamisho, kituo cha kwanza kitamwandika kuwa amepotea katika ufuatiliaji, ingawa anaendelea kumeza dawa kila siku.

Siri ya mgonjwa

Kushirikisha data hakumaanishi kuanika siri. Kabla taarifa hazijatumika katika utafiti, jina, namba ya simu na anwani huondolewa, na badala yake huwekwa namba ya siri. Hata hivyo, kuondoa jina pekee hakutoshi: katika kijiji kidogo, umri, kazi na ugonjwa adimu vinaweza kumtambulisha mtu. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa anayeombwa kushiriki katika utafiti anayo haki ya kuuliza taarifa zake zitatumiwa kwa lengo gani, na nani ataziona.

Wajibu wa kila mmoja

Mhudumu aandike kizio pamoja na namba, abadilishe saa za Kiswahili kabla ya kuingiza, na atofautishe "hakupimwa" na "hana". Mgonjwa atumie majina yaleyale kila kituo, aje na kadi yake ya kliniki, na aombe barua anapohama.

Programu bora haiwezi kurejesha maana ambayo haikuandikwa. Yule mgonjwa wa asubuhi atahesabiwa sawasawa iwapo kando ya 7.0 patakuwa na maneno matatu: milimoli kwa lita. Kuyaandika huchukua sekunde chache. Kuyakosa kunaweza kuupotosha utafiti ambao matibabu ya wengine yatautegemea.