Menyu Imekatika Katikati: Programu Hukumbukaje Ulipofikia?

Umepiga nambari ya huduma, ukachagua 1 kutuma pesa, ukaweka nambari ya simu, ukaweka shilingi 2,000, halafu mtandao ukapotea. Skrini imerudi tupu. Je, pesa imeenda au haijaenda? Upige tena, ama usubiri?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Jibu la haraka liko mwisho wa somo hili. Lakini leo tunataka kwenda hatua moja zaidi na kukuonyesha kinachoendelea ndani ya mashine. Ukielewa namna programu inavyosubiri, utajua pia ni wakati gani hufai kurudia. Na kama wewe au kijana wako nyumbani mnajifunza kuandika programu, kuna mfano mfupi wa lugha ya C wa kujaribu.

Seva moja, wateja wengi

Menyu ya USSD ni mazungumzo. Inauliza, unajibu, inauliza tena. Kila ujumbe hubeba herufi zisizozidi 182, ndiyo maana maswali huja moja moja. Kati ya swali na jibu lako kuna sekunde kadhaa, na kwa kompyuta hizo ni nyingi sana. Haiwezi kukukodolea macho huku wateja wengine wakingoja.

Mfikirie fundi cherehani mwenye foleni. Anashona suruali yako hadi kwenye mfuko, anakosa zipu, anaweka alama ya chaki pale alipofika na kuchukua gauni la mtu mwingine. Zipu ikifika, haanzi upya. Anatazama chaki na kuendelea kutoka hapo hapo.

Programu inayofanya kazi hivyo, yaani inayoweza kusimama katikati, ikaachia wengine nafasi, kisha ikaendelea pale iliposimama, huitwa korutini. Neno hilo lilibuniwa na Mmarekani Melvin Conway mwaka 1958, na makala yake kuhusu jambo hilo ikachapishwa 1963.

C haina chaki

Lugha ya C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, bado inatumika kila mahali, kuanzia mashine ndogo hadi seva kubwa. Lakini haikuja na korutini. Funksheni ya C ikirudisha jibu, imemaliza. Ukiiita tena, inaanza mstari wa kwanza.

Mtu anaweza kulazimisha kwa amri za prosesa yenyewe. Shida ni kwamba ukihamia aina nyingine ya prosesa, amri hizo hazifanyi kazi na inabidi uandike upya. Tunataka njia inayohamishika, inayotumia C ya kawaida tu na kukubaliwa na kompaila yoyote.

Njia ipo, na imejificha ndani ya amri ya `switch`. Mwaka 1983 Tom Duff, akiwa Lucasfilm, alionyesha kwamba C inakuruhusu kuweka `case` hata ndani ya kitanzi. Mwaka 2000 Mwingereza Simon Tatham, mwandishi wa programu ya PuTTY, alieleza jinsi ya kutumia ruhusa hiyo kujenga korutini. Tazama:

```
struct mteja {
    int  hatua;
    int  majaribio;
    long kiasi;
};

int tuma(struct mteja *m, const char *jibu)
{
    switch (m->hatua) {
    case 0:
        onyesha("Weka kiasi");
        m->hatua = 1; return SUBIRI;
    case 1:
        m->kiasi = soma_kiasi(jibu);
        m->majaribio = 0;
        while (m->majaribio < 3) {
            onyesha("Weka PIN");
            m->hatua = 2; return SUBIRI;
    case 2:
            if (pin_sawa(m, jibu)) {
                m->hatua = 3;
                return LIPA;
            }
            m->majaribio++;
        }
    }
    return FUNGA;
}
```

Soma polepole. `hatua` ndiyo chaki. Kabla ya kuondoka, funksheni inaandika ilipofika, kisha inasema SUBIRI. Jibu lako likifika, inaitwa tena, `switch` inaangalia chaki na kuruka moja kwa moja hadi mahali pale. Ona `case 2` ilivyo ndani ya `while`: tunarudi katikati ya kitanzi, na hesabu ya majaribio ya PIN inaendelea. Ukikosea mara tatu, menyu inafungwa. Na ikishasema LIPA, chaki inasoma 3, ambayo haina `case` yake. Kwa hivyo funksheni ikiitwa tena kimakosa, inajibu FUNGA badala ya kulipa mara ya pili.

Kuandika 1, 2, 3 kwa mkono kunachosha, na ni rahisi kukosea. Tatham alizificha ndani ya makro inayotumia `__LINE__`, yaani nambari ya mstari wa programu, ili kompaila ihesabu yenyewe. Baadaye Adam Dunkels wa Sweden na wenzake walitumia mbinu kama hii kwenye vifaa vidogo, ambapo chaki ya kila kazi ilichukua baiti 2 tu.

Mtego wa daftari moja

Hapa ndipo pesa inapoingia hatarini. Vitu vya kawaida vilivyo ndani ya funksheni ya C hupotea inaporudisha jibu. Kwa hivyo anayeanza hutafuta njia ya mkato: anaandika `static` mbele ya `kiasi`, na thamani haipotei tena. Akijaribu peke yake, kila kitu kinakwenda sawa.

Sasa waje wateja wawili. Njeri anaweka 500. Kabla hajaweka PIN, Otieno anaweka 5,000. `static` ni kisanduku kimoja kwa watu wote, kwa hivyo 500 imefutwa. Njeri akiweka PIN yake, anaidhinisha 5,000 bila kujua. Ni kama fundi aliyeandika vipimo vya wateja wote kwenye karatasi moja.

Ndiyo maana kwenye mfano wetu kila kitu kimewekwa ndani ya `struct mteja`. Kila mtu na karatasi yake, kila karatasi na chaki yake. Ukijaribu mbinu hii nyumbani, jaribu na wateja wawili wanaopishana, si mmoja. Pia usiweke `switch` nyingine inayozunguka mahali pa kusubiri, kwa sababu `case` zitakwenda kwa `switch` isiyo yake.

Basi pesa yangu iko wapi?

Rudi kwenye mfano. Mahali pote panaposema SUBIRI, hakuna pesa iliyosogea. Kilichopo ni karatasi yenye chaki, na usipojibu kwa muda uliowekwa, karatasi inatupwa. Ukifika LIPA, mambo yanabadilika. Ombi limeshatoka kwenye menyu na kwenda kwa leja, na menyu kukatika hakulisimamishi.

Kwa hivyo, fuata hatua hizi:

1. Imekatika kabla ya PIN: ombi halijatumwa. Anza upya bila wasiwasi.
2. Imekatika baada ya kuweka PIN: usirudie mara moja. Subiri SMS yenye nambari ya muamala.
3. SMS haijafika: angalia salio na orodha ya miamala yako. Usitegemee neno la mpokeaji peke yake, kwani SMS yake pia inaweza kuchelewa.
4. Ukipiga upya na kuweka PIN tena, hilo ni ombi jipya kabisa. Kama la kwanza lilipita, utakuwa umelipa mara mbili.
5. Mtu akikupigia akisema "muamala wako umekwama, nipe PIN tuumalizie", kata simu. Umeona mwenyewe: PIN huingizwa kwenye menyu, na hakuna hatua yoyote inayohitaji uitaje kwa mtu.

Una karo ya kulipa au kodi ya nyumba leo? Ukiweka PIN na skrini ikazima, tulia kwanza, angalia salio, ndipo uamue.