Mlo mmoja baada ya zamu

SWALI: Mimi ni mlinzi hapa Doha, kwetu Mombasa. Zamu ni saa 12, hivyo nakula mara moja tu, usiku: wali wa machbusi wa kuku na dengu. Wenzangu wa jimu wanadai mwili hupokea gramu 30 za protini tu, nyingine zinatoka na mkojo. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Tumbo na kongosho huivunja protini kuwa asidi amino, na utumbo mwembamba hufyonza karibu zote. Mlo ukiwa mkubwa, kazi huchukua muda mrefu zaidi, basi. Mwaka 2023 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana gramu 25 au 100 za protini ya maziwa baada ya mazoezi. Waliopewa 100 waliendelea kujenga misuli zaidi ya saa 12 baadaye.

Wenzako wameshika nusu ya habari. Asidi amino zinazozidi mahitaji huchomwa kuwa nishati, na nitrojeni yake ini huigeuza urea, ambayo ndiyo hutoka na mkojo. Hivyo, hasa kwa joto la Doha la Julai, kunywa maji ya kutosha.

Gramu 100 za kuku aliyepikwa zina protini kama gramu 25 hadi 30, kikombe cha dengu zilizoiva kama 18. Kwa mlo huo, unga wa protini wa makopo huuhitaji. Ila ukiwa na ugonjwa wa figo, muone daktari kwanza.