Jedwali Linalosomeka Hadi Kiti cha Nyuma

Runyenjes hadi Maua, jedwali la mikopo likijaa namba ndogo, watu hupiga makofi tu bila kujua pesa zao ziko wapi. Tufanye hivi.

Kila slaidi iwe na safu wima nne tu: jina, mkopo, amelipa, deni. Kwa mfano: 5,000, 3,200, 1,800. Namba zipangwe upande wa kulia, mamia yakae chini ya mamia. Mistari iwe michache, herufi kubwa, jumla iwe nzito.

Hakuna stima? Karatasi ya manila na kalamu nene yatosha.

Kabla ya mkutano, mmoja wetu akae nyuma kabisa asome. Akishindwa, tuandike upya. Pesa ni za wote, hata cucu asiyeona vizuri.