Taa ya Kijani Haikuondolei Lawama

Magari mawili yakigongana kwenye makutano ya barabara, umati hukusanyika na kuuliza swali moja: nani alikuwa na haki ya kupita? Kwa mahakama za Kenya, swali hilo ni mlango tu wa kuingilia. Hakimu hutaka kujua kila dereva aliona nini, angeona nini lau angetazama, na alifanya nini baada ya kuona. Ndiyo maana aliyepita taa ikiwa ya kijani anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba kosa la ajali huwa na mwenyewe mmoja tu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inawataka madereva watii taa na alama, na mkono wa afisa wa polisi aliyesimama katikati ya njia unashinda taa yoyote. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kutofuata mwongozo wa barabara (Highway Code) si hatia kwa kosa hilo pekee. Kunaweza tu kutumiwa mahakamani kuthibitisha au kukanusha lawama. Kwa hiyo kanuni ya barabara ni ushahidi, tena ushahidi mzito, ila hukumu ni jambo lingine. Chukua gari dogo linalotoka barabara ya pembeni bila kusimama kwenye alama, likagongwa na matatu iliyo kwenye barabara kuu. Dereva wa gari dogo amekosa, hilo halina mjadala. Hata hivyo, alama ndefu za breki na jinsi bodi ilivyobondeka vikionyesha kuwa matatu ilikuwa ikienda kasi kupita kiasi, naye dereva wake amechangia. Hapo ndipo kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kinapoingia: fidia hupunguzwa kulingana na sehemu ya kosa la mlalamikaji. Anayestahili shilingi 1,000,000 akipatikana amechangia asilimia 30, hulipwa 700,000. Na ushahidi ukishindwa kabisa kuwatenganisha madereva wawili, msimamo uliotiliwa mkazo katika kesi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1971 ni kwamba wote wawili hubeba lawama sawasawa.

Wapo watakaosema huku ni kumwadhibu mtiifu. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama mahakama ingegawa lawama kwa kukisia. Haigawi hivyo. Anayedai kwamba mwenzake amechangia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na dereva aliyepita kwa mwendo wa kadiri, macho mbele, hana cha kukatwa. Kinachokataliwa ni kulifanya jicho lifumbe kwa sababu taa imeruhusu.

Wengine huona kesi imekwisha polisi wanapomshtaki mmoja, au abstrakti ya polisi (hati yao fupi kuhusu ajali) inapomtaja. Abstrakti huthibitisha kwamba ajali ilitokea na ni magari gani yaliyohusika. Haitoshi kumtia mtu lawama. Hata hukumu ya jinai ya kuendesha bila uangalifu ina mpaka wake. Mwaka huohuo wa 1971, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba aliyehukumiwa hivyo huenda asiweze kukana uzembe wake, lakini hukumu hiyo haithibitishi kwamba ni yeye peke yake aliyesababisha ajali. Bado anaweza kumwonyesha mwenzake kidole. (Bila shaka kidole hicho kitahitaji ushahidi nyuma yake.)

Ushahidi huo hupotea upesi kuliko maumivu. Vigae vya kioo hufagiwa, alama za breki hufutika kwa mvua ya kwanza, mashahidi hupanda matatu nyingine wakaenda zao. Majeruhi wakishahudumiwa, piga picha za magari yalipo kabla hayajasogezwa, za taa na alama zinazoonekana kutoka upande wa kila dereva, kisha uandike majina na nambari za simu za walioona. Ripoti kituo cha polisi na uijulishe kampuni yako ya bima. Kesi ya kudai fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.