Kazi ya Juma kwa Watoto Wadogo

Mwezi huu twataka kujifunza neno moja la watoto wetu walio darasa la 1 na la 2 katika shule za Karagwe na Kyerwa, yaani kazi ambayo mwalimu huwapa waifanye nyumbani katika juma.

Mzazi mmoja husema, "Mimi sikusoma; nitamsaidiaje mwanangu?" Basi daftari hukaa mkobani hata Jumapili usiku, mtoto akalifungua macho yamejaa usingizi. Mzazi mwingine ajua kusoma, naye huandika majibu yote mwenyewe, ili mwana asipate alama mbaya. Hawa wawili wamekosa kosa moja: wote wamemnyima mtoto kazi yake.

Mwaka 2015 mafundisho ya madarasa hayo mawili yalipangwa upya juu ya mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mambo hayo hayaingii kwa siku moja. Shamba la migomba halipaliliwi mara moja kwa mwaka likazaa vema. Kadhalika na akili ya mtoto.

Tena, watoto wetu wengi huingia shuleni wakisema Kinyambo, na Kiswahili bado ni kigeni kwao. Mwalimu asema "kula", mtoto aandika "kura". Asema "lala", yeye aandika "rara". Huo si ujinga, ni mazoea ya ulimi wa nyumbani. Tusimcheke, bali tumzoeze kusikia na kutamka kila siku.

Basi, kazi aliyoagiza mwalimu itangulie daima. Baada yake yafaa kuligawa juma hivi:

Jumatatu: mtoto asome kwa sauti, mzazi asikilize. Hata asiyejua kusoma aweza kusikia mahali mtoto anapokwama, akamwambia, "Rudia, mwanangu."

Jumanne: aandike maneno matano yenye l na matano yenye r, akiyatamka.

Jumatano: ahesabu vitu vya nyumbani. Mkungu una chane 7, mama amekata 2, zimebaki ngapi?

Alhamisi: bibi amsimulie hadithi kwa Kinyambo, naye aisimulie tena kwa Kiswahili.

Ijumaa: aonyeshe daftari lake na kueleza aliyojifunza juma zima.

Jumamosi acheze na wenzake, aruke kamba, afinyange herufi kwa udongo. Maana mchezo nao ni mwalimu. Jumapili apumzike.

Dakika 20 kwa siku zatosha. Lakini ziwe kabla ya saa 1 jioni, kwa kuwa huku kwetu jua hutua karibu na saa hiyo mwaka mzima, na si kila nyumba ina taa njema. Twajua ya kuwa maji yatakiwa, na kuni, na kahawa ikiiva yataka kuchumwa. Mtoto na atumwe, ndiyo desturi njema. Ila dakika zake 20 zisiibiwe.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

1. Juma hili ni nani aliyemsikiliza mtoto wetu akisoma?

2. Majibu yaliyo katika daftari lake ni yake, au ni yetu?

3. Ni saa ngapi tumemwekea, naye aijua?