Somo kwa Wamama: Kujifunza Kukimbia Hatua kwa Hatua



Somo hili ni lako wewe unayekuja kliniki kupimisha mtoto ao kupima tensio, na ambaye haujakimbia tangu ulipoacha shule ya primere. Tunataka kukuonyesha namna mwili wa mama unaweza kujifunza kukimbia dakika 20 bila kusimama, ndani ya majuma 14, bila kuumia. Ulisome pamoja na wenzako. Na kama jirani yako hajui kusoma, umsomee.

1. SABABU GANI MAMA AKIMBIE?

Bibi zetu wa milima ya Lubero na Beni hawakuhitaji somo hili. Asubuhi walipanda mlima na jembe, jioni walirudi na mzigo mgongoni, kamba ikikaza paji la uso. Mama anayefanya vile hata leo asijiongezee kazi. Yeye anahitaji kupumzika na kula vizuri.

Lakini wengi wetu tumekuwa watu wa mji. Mama anauza vikwembe sokoni, ao anakaa mbele ya mashini ya kushona tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Anapanda moto kwenda, anapanda moto kurudi. Bugali anakula sawasawa na bibi yake, lakini kazi ya bibi yake haifanyi. Miaka inapita, kilo zinaongezeka, na siku moja kwenye kliniki tensio inaonekana 160 juu ya 100. Mama anashangaa: “Mbona sisikii maumivu?”

Ndiyo hatari yenyewe. Tensio haipigi hodi. Ikifika 140 juu ya 90 ao kupita, na ikibaki vile mara kwa mara, tunaiita ya kupanda. Inachosha moyo, inaharibu figo, na inaweza kupasua mshipa katika ubongo, mama akaamka upande mmoja umepooza. Ugonjwa wa sukari nao unaingia vilevile, kimya kimya.

Misuli inapofanya kazi inatumia sukari iliyo katika damu. Moyo unapozoezwa unapata nguvu, mishipa inalegea, na tensio inashuka. OMS, ndiyo Shirika la Afya la Ulimwengu, ilishauri mwaka 2020 kwamba kila mtu mzima autembeze mwili wake kwa nguvu kidogo walau dakika 150 kwa juma. Kutembea upesi kunahesabiwa. Kukimbia ni hatua ya mbele: kunafaa moyo zaidi kwa dakika chache.

Lakini usiache dawa za tensio ao za sukari kwa sababu umeanza kukimbia. Munganga peke yake ndiye anayeweza kuzipunguza, kisha kukupima.

2. NANI APIMWE KWANZA?

Kabla ya kuanza, pita kwanza kliniki ikiwa:

– Una tensio ya kupanda, sukari, ugonjwa wa moyo, ao pumu.
– Unasikia maumivu kifuani, ao kizunguzungu ukipanda kilima.
– Ngozi ya ndani ya macho yako imekuwa nyeupe, na unachoka bure. Hiyo inaweza kuwa upungufu wa damu, unaoletwa na malaria, na minyoo, na uzazi wa karibu karibu. Tibu damu kwanza, kisha ukimbie.
– Umezaa karibuni.

Mama aliyezaa asikimbie mbele ya miezi 3. Kama alipasuliwa, anaweza kuhitaji muda zaidi, aulize aliyempasua. Lakini kutembea kidogo kidogo kunafaa mapema, damu ya uzazi ikiisha kupungua na nguvu zikirudi.

Katika miezi hiyo kuna zoezi moja la kufanya hata ukiwa umelala. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na hewa visitoke. Hesabu mpaka 5, kisha legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usikaze tumbo wala kuzuia pumzi. Misuli hiyo ndiyo inayobeba kizazi na kibofu, na uzazi umeilegeza. Mtu akikimbia, kila hatua inapiga mwili kwa uzito kama mara mbili ao tatu ya kilo zake. Misuli ya chini ikiwa bado legevu, mkojo utatoka.

Mkojo ukitoka kidogo wakati wa kukimbia, rudia kutembea na kuendelea na zoezi hili. Lakini ukitoka kila wakati, mchana na usiku, hata ukikaa, njoo hospitali. Inaweza kuwa fistula. Si haya, si laana, na inatengenezwa kwa operasyo.

Na mama mwenye mimba? Kama haukuwa na desturi ya kukimbia, usianze sasa. Tembea, hiyo inatosha. Kukimbia kutakungojea.

3. SABABU GANI POLEPOLE?

Wengi wanaanza siku ya kwanza kwa mbio za kushindana. Siku ya pili miguu inauma, siku ya tatu wanaacha, na wanasema: “Kukimbia haiko kazi ya wamama.” Kosa haliko kwa umri wala kwa uzito. Kosa ni haraka.

Moyo na mapafu vinazoea upesi; kisha majuma machache utajisikia una pumzi. Lakini mifupa, magoti, na mishipa migumu inayoshika misuli kwenye mfupa inajikaza polepole sana, kwa miezi. Pumzi inakudanganya: “Ongeza!” na kumbe goti halijawa tayari. Kwa hiyo fuata majuma, usifuate hamu yako.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Korinto, alichukua mfano wa wakimbiaji, kwa maana karibu na mji ule kulikuwa michezo mikubwa ya mbio. Watu wale walijua kwamba mkimbiaji anajitawala katika mambo yote siku nyingi mbele ya kufika uwanjani. Na kwetu Kivu Kaskazini, Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Hatutafuti kufika Rio. Tunatafuta kuwalea wajukuu. Lakini njia ni moja: leo kidogo, kesho kidogo.

4. MATAYARISHO

Viatu. Usikimbie na sandali za kuogea, zinapindisha mguu. Usikimbie peku, kuna misumari, vipande vya chupa, na minyoo inayoingia kwa ngozi ya miguu. Basketi zilizokwisha kuvaliwa, za sokoni, zinafaa kama zinakutosha na kisigino hakijalika upande mmoja.

Nguo. Kikwembe cha kufunga kinafupisha hatua na kinaweza kukuangusha. Vaa jipe pana, ao suruali nyepesi ndani ya jipe. Mama mnyonyeshaji avae sutie yenye kushika vizuri, na anyonyeshe mbele ya kutoka, ili matiti yasiwe mazito.

Mahali. Usikimbilie Rue Président de la République pale Butembo, wala Boulevard Nyamwisi pale Beni, saa za moto nyingi. Vumbi na moshi vinaingia kifuani, na dereva wa moto hakungojei. Tafuta uwanja wa mpira, kiwanja cha shule, ao kiwanja cha kanisa. Wa Butembo, mji wenu ni wa vilima: anzeni mahali palipo sawa, na kilima mkipande kwa kutembea. Tena Butembo iko juu kuliko Beni kwa mamia ya mita. Mama wa Beni akija huko atasikia pumzi inakatika upesi. Apunguze mwendo siku za kwanza.

Usalama. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni na kandokando wamelia mara nyingi, na hatuhitaji kukuelezea. Usitoke gizani. Usiende njia za mashamba ao pembeni ya mji kwa ajili ya mazoezi. Uwe na wenzako wawili ao watatu, na mwambie mtu wa nyumbani mahali mnapokwenda. Siku yenye habari mbaya, bakia nyumbani. Ruka mahali pamoja ndani ya lupango, ao panda na kushuka ngazi. Hakuna zoezi lenye bei ya uhai wako.

5. RATIBA YA MAJUMA 14

Fanya mara 3 kwa juma, na siku moja ya kupumzika katikati. Kwa mfano Siku ya Pili, Siku ya Nne, na Siku ya Posho. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5, na umalize kwa kutembea dakika 5.

Juma la 1: tembea upesi dakika 15.
Juma la 2: tembea upesi dakika 20.
Juma la 3: tembea upesi dakika 30.
Juma la 4: kimbia dakika 1, tembea 3. Rudia mara 5.
Juma la 5 na la 6: kimbia 1, tembea 2. Rudia mara 7.
Juma la 7 na la 8: kimbia 2, tembea 2. Rudia mara 5.
Juma la 9 na la 10: kimbia 3, tembea 2. Rudia mara 4.
Juma la 11: kimbia 5, tembea 2. Rudia mara 3.
Juma la 12: kimbia 8, tembea 2. Rudia mara 2.
Juma la 13: kimbia 10, tembea 2. Rudia mara 2.
Juma la 14: kimbia dakika 20.

Juma likikushinda, lirudie. Hakuna mtihani hapa, na hakuna atakayekufukuza darasani. Kama uligonjwa malaria juma zima, usiendelee pale ulipoachia. Rudi nyuma majuma mawili.

Haukuna saa wala telefone? Hesabu mguu wa kuume. Ukigusa chini kama mara 75 kwa kukimbia polepole, dakika moja imepita. Katika kutembea, hesabu 50.

6. KIPIMO CHA MDOMO

Mwendo wako ni wa namna gani? Kama la kuimba. Sema na mwenzako. Ukiweza kusema maneno yaliyofuatana, lakini kuimba wimbo haiwezekani, mwendo ni mzuri. Kama hata kusema “ndiyo” ni shida, umepita kipimo: punguza. Kukimbia kwa mwanzo kunapaswa kuwa polepole hata mtoto wa shule akupite kwa kutembea. Usione haya.

7. MANENO TUNAYOSIKIA

“Batu batanicheka.” Watacheka juma la kwanza. Juma la tano watauliza kama wanaweza kuja nanyi.

“Maziwa yataharibika.” Hapana. Mazoezi ya kadiri hayaharibu maziwa wala hayapunguzi. Kunywa maji ya kutosha, yaliyochemshwa ao kutiwa dawa, na kula vizuri: maharagwe, sombe, mayai, samaki wa Kyavinyonge ukipata. Usikimbie na njaa, wala mara kisha kula bugali. Ngoja saa mbili hivi.

“Mume wangu atasema nini?” Mwonyeshe karatasi hii. Mwambie tensio yako ni ngapi. Baba anayejua hesabu ya kitanda cha hospitali atakubali kubakia na mtoto dakika 30. Hata yeye aweza kuja.

“Nikikimbia, ninaweza kula chumvi sawa zamani?” Hapana. Punguza chumvi na kube za Maggi katika mboga. Kukimbia hakufuti chumvi.

8. SIMAMA MARA MOJA, UJE HOSPITALI

– Maumivu ao uzito kifuani, hata yakienda begani ao tayani.
– Kizunguzungu, kuzimia, ao moyo kupiga ovyo.
– Pumzi isiyorudi hata ukiisha kupumzika.
– Mguu mmoja umevimba na unauma nyuma, zaidi kwa mama aliyezaa karibuni.
– Damu ya uzazi kurudi.
– Kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza.

Mwenye homa asikimbie. Apime malaria kwanza. Mwenye kutumia insulini atembee na sukari ao kinywaji kitamu mfukoni. Akianza kutetemeka na jasho baridi, anywe upesi.

Lakini maumivu madogo ya misuli siku moja ao mbili ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayoongezeka kila siku, si kawaida. Hayo uyaonyeshe.

9. MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Tensio inaitwa ya kupanda ikifika ngapi?
2. Mama aliyezaa angoje miezi mingapi mbele ya kukimbia?
3. Sababu gani hatufuati hamu ya pumzi peke yake?
4. Utajua namna gani kama unakimbia upesi kupita kipimo?
5. Siku ya usalama mbaya utafanya nini?

Mama, siku ya kuja kliniki tena, usipimishe mtoto peke yake. Nyosha mkono wako nawe, tukupime tensio, tuiandike kwenye kadi pamoja na siku. Kisha anza Juma la 1. Ukimaliza majuma 14, rudi tuipime tena, tulinganishe hesabu hizo mbili pamoja.

Mungu akupe nguvu, na akulinde njiani.