Namna ya Kumkaribisha Mbwa Mwoga Aliyetoka Nchi Nyingine

Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwoga hana faida, na kwamba dawa yake ni fimbo. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka likizo ya Desemba iliyopita, nilipofunzwa na mbwa mmoja aliyeletwa nyumbani kwetu Mbeya kutoka Zambia. Naandika habari hii ili wenzangu, na wazazi watakaoisoma, wasirudie kosa nililolifanya.

Mjomba wangu ni dereva wa lori, hupita Tunduma kwenda Zambia na kurudi. Huko Mpika alimkuta mbwa dume wa miaka kama miwili, amekonda, ameachwa na wenyewe waliohama. Watoto walimtupia mawe, na kila mlango alifukuzwa. Mjomba akamhurumia. Lakini yafaa ieleweke kwamba mbwa havushwi mpaka kama gunia la mahindi. Hapana budi awe amechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, awe na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa nchi atokayo, na mwenye kumleta awe na kibali cha kumwingiza Tanzania. Mjomba alimwacha kwa mlinzi mmoja aliyemlisha, akatafuta karatasi hizo safari baada ya safari, kisha ndipo akaja naye.

Tukampa jina la Simba, nasi tukacheka, maana hatujapata kumwona simba mwoga namna ile. Siku ya kwanza aliingia katika banda la kuni, akajikunja nyuma ya magogo, asile wala asinywe mbele ya watu. Siku ya pili majirani walikuja kumtazama, nami nikaona aibu. Nikamtia kamba shingoni, nikamvuta kwa nguvu aje uani. Alijikaza chini, akatetemeka, akanguruma. Sikujali. Ndipo akaniuma mkono.

Mama aliniosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, tukaenda hospitali siku ile ile, nikaanza kuchomwa sindano za chanjo. Mtu yeyote aumwapo na mbwa afanye hivyo, hata kama mbwa ana cheti. Asipake dawa za kubahatisha wala asingoje kuona itakuwaje, kwa sababu kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister huko Paris, dunia inajua kwamba ugonjwa huu huzuiwa kwa kuwahi.

Baba alikasirika, akataka mbwa auawe. Bwana Mifugo alipokuja alisema mbwa aliyeuma afungiwe na kutazamwa siku 10, kwani kama alikuwa na ugonjwa huo katika mate yake siku alipouma, utadhihirika katika muda huo. Tena akanikataza kabisa nisimguse. Baba akasema, "Haya, siku kumi. Baada ya hapo nitaamua mwenyewe." Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba Simba akiuawa, atakuwa amekufa kwa kosa langu.

Kwa kuwa nilikatazwa kumgusa, kazi yangu ikawa kumpelekea chakula na kuketi tu. Kila siku saa 1 asubuhi na saa 12 jioni nilisukuma ndani ugali wa dona na dagaa chini ya ubao wa mlango, mahali pale pale. Kisha nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, hatua sita mbali, nimempa ubavu, nikisoma kitabu changu cha Biolojia. Siku ya tatu alikula baada ya mimi kuondoka. Siku ya tano alikula nami nikiwapo. Siku ya sita mjomba alipita, akasema kwa Kibemba, "Isa kuno," maana yake njoo hapa. Masikio ya Simba yakasimama! Kumbe siku zote hizo tulikuwa tukimsemesha kwa lugha asiyoijua, kisha tukamwita mjinga. Siku ya tisa alikuja mwenyewe, akanusa kiatu changu kupitia nafasi ya mbao.

Siku ya kumi Bwana Mifugo alimwona mzima, akafungua mlango. Simba alitoka polepole, akawatazama watu wote, kisha akaja kusimama nyuma yangu. Baba alinyamaza kidogo, akasema, "Basi, akae."

Nilipochunguza sababu nilipata haya. John Paul Scott na John Fuller, wataalamu wa Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba wiki za mwanzo za mbwa, tokea ya tatu hata kama ya kumi na mbili, ndizo azoeapo watu na vitu kwa urahisi. Jambo hili latumika hapa kwetu Iringa. Mradi wa wanyama wala nyama wa Ruaha, ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliwaleta mbwa wa Anatolia, ambao asili yao ni Uturuki, kutoka shirika la Cheetah Conservation Fund la Namibia, ili wawalindie wafugaji mifugo yao. Njia ya shirika hilo ni kumweka mtoto wa mbwa pamoja na mbuzi angali mdogo, hata awaone kuwa ndio ndugu zake. Simba wetu alikwisha kupitwa na wiki hizo. Mbwa mkubwa aweza kuzoea, lakini atataka muda mrefu zaidi.

Basi, apataye mbwa mwoga ayashike haya:

1. Mpe mahali pa kujificha, na mtu asimfuate humo.
2. Mlishe saa zile zile, mahali pale pale.
3. Usimvute, usimwinamie, wala usimkazie macho. Ngoja aje mwenyewe.
4. Jifunze dalili za hofu: mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi. Akinguruma, rudi nyuma. Hilo ni onyo, na mbwa apigwaye kwa kuonya atajifunza kuuma bila kuonya.
5. Funga lango, maana mbwa mgeni hutoroka.
6. Mchanje kila mwaka.

Mwezi wa Januari niliporudi shuleni niliwakuta wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza wameketi juu ya masanduku yao bwenini, kimya. Miaka ya nyuma nilikuwa miongoni mwa waliowavuta waje kuimba mbele ya watu. Safari hii nilimwonyesha mmoja bomba la maji lilipo, nikaketi kitandani pangu nikasoma.

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani, Simba alikimbilia bandani. Bado anaogopa kamba, na labda ataiogopa siku zote. Sikumwita. Nilikaa juu ya kinu, na kabla jua halijatua alikuja akalala karibu na miguu yangu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne